Matembezi ya Soka Mjini Sunderland: Tathmini ya Mwana Msimbazi

Mashabiki wengi wa Tanzania wanaofika Uingereza hukimbilia Manchester, Liverpool au London, wakapiga picha mbele ya viwanja wanavyoviona kwenye runinga kila wikiendi, wakanunua skafu na kuondoka. Wachache sana hufikiria kupanda treni kwenda Sunderland, mji wa pwani ya kaskazini-mashariki ambao jina lake lilibebwa kwa miaka mingi na moja ya klabu zetu mbili kubwa. Simba, iliyozaliwa mwaka 1936 baada ya kundi la wachezaji na wanachama kujitenga na Yanga, ilipitia majina ya Queens na Eagles kabla ya kuitwa Sunderland, na ni kwa jina hilo ilipotwaa ubingwa wa taifa mwaka 1965 na mwaka 1966. Jina la Simba lilikuja mwaka 1971. Marehemu baba yangu, aliyewatazama katika Uwanja wa Ilala, aliendelea kuwaita Sunderland hata pale wajukuu zake walipokuwa wakimcheka. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kuishi kwa muda karibu na mji huo, sikuwa mtalii wa kawaida, na msomaji aipime tathmini hii akilijua hilo.

Huduma ninayoizungumzia si ziara rasmi ya uwanja. Ni matembezi ya miguu ya nusu siku yanayoongozwa na mzee mmoja mstaafu, fundi wa zamani wa kuchomelea meli, ambaye hana ofisi wala bango na hupatikana kwa kuuliza katika nyumba za wageni zilizo karibu na ufukwe wa Roker. Aliniomba nisimtaje jina, nami naheshimu ombi lake. Hachukui watu wengi kwa wakati mmoja, kwa sababu, kama anavyosema, hataki kupaza sauti katika upepo. Malipo hutolewa mwishoni, na kiasi chake ni chini ya nusu ya bei ya jezi mpya ya klabu yoyote ya Ligi Kuu ya Uingereza, jambo ambalo kwa viwango vya nchi ile ni nafuu kubwa.

Matembezi huanzia nje ya jengo la zamani la stesheni ya Monkwearmouth, lililojengwa mwaka 1848, upande wa kaskazini wa mto Wear. Kutoka hapo mzee hukuongoza hadi katikati ya Daraja la Wearmouth, daraja la chuma lililofunguliwa mwaka 1929 mahali palipokuwa na daraja jingine tangu mwaka 1796, na hukusimamisha hapo kwa muda mrefu kuliko unavyotarajia. Mwanzoni nilidhani anapumzika. Baadaye nikaelewa kwamba daraja hilo ndilo kiini cha huduma yake yote, kwa sababu mto unaouona chini, ambao leo kingo zake zina nyasi, majengo ya chuo kikuu na nyumba mpya, ulikuwa umezibwa na karakana za kuunda meli kiasi kwamba Sunderland ulijitangaza kuwa mji mkubwa kuliko yote duniani katika kazi hiyo. Yeye mwenyewe aliingia kazini akiwa kijana, kama mwanagenzi, katika miaka ambayo karakana za hapo zilikuwa zikitoa meli za mizigo za aina ya SD14. Meli ya kwanza ya aina hiyo ilishushwa majini mwaka 1967 ili kuchukua nafasi ya zile meli za Liberty zilizobaki tangu Vita vya Pili vya Dunia, na zaidi ya 200 ziliundwa, nyingine kwa leseni katika nchi za mbali. Karakana za mwisho zilifungwa mwaka 1988. Miaka mitano baadaye, mwezi Desemba 1993, ukafungwa pia mgodi wa makaa ya mawe wa Wearmouth, uliokuwa wa mwisho kubaki katika machimbo yote ya Durham.

Mzee hasimulii mambo haya kwa kulalamika. Anayasema kwa utaratibu, akionyesha kwa kidole mahali ambapo kila karakana ilikuwa, nani alijenga nini, na filimbi ya kuanza kazi ilisikika kutoka upande gani. Ndipo anakugeuza uutazame Stadium of Light, yaani Uwanja wa Nuru, uwanja wa klabu ya Sunderland, uliosimama juu ya ukingo wa kaskazini, na kukueleza kwamba umejengwa juu ya ardhi ya mgodi ule ule uliofungwa. Uwanja huo ulifunguliwa mwezi Julai 1997 kwa mechi ya kirafiki dhidi ya Ajax, una viti karibu 49,000, na nje yake limesimama sanamu kubwa la taa ya Davy, taa ya usalama ya wachimbaji iliyobuniwa mwaka 1815. Jina la uwanja linatokana na nuru hiyo ya wachimbaji, ingawa wageni wengi, hasa wanaofuatilia soka la Ulaya kwa ujumla, hudhani klabu iliwaiga Benfica wa Lisbon, ambao uwanja wao nao huitwa kwa jina la Nuru.

Kwa maoni yangu, mtu anayeingia moja kwa moja uwanjani bila kupita darajani anakosa kilicho bora zaidi katika mji huu. Vyumba vya kubadilishia nguo, njia ya wachezaji na mabenchi ya makocha havitofautiani sana kutoka klabu moja hadi nyingine, na ukishaviona vya timu moja umeshaviona vya timu nyingi. Kitu ambacho huwezi kukipata kwingine ni kuelewa kwa nini mji wenye wakazi wasiofika laki tatu, uliopoteza meli na makaa yake ndani ya miaka michache, uliamua kujenga uwanja mkubwa kiasi hicho na ukaendelea kuujaza hata timu ilipokuwa ikifanya vibaya. Klabu ilishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2017, ikashuka tena mwaka 2018 hadi ngazi ya tatu, na ikakaa huko misimu minne. Siku moja baada ya Krismasi ya mwaka 2018, katika mechi ya ngazi hiyo ya tatu dhidi ya Bradford City, waliingia watazamaji 46,039. Mzee aliitaja idadi hiyo bila kusoma popote, tarakimu kwa tarakimu, na sauti yake ilipanda kidogo kuliko alipotaja vikombe.

Vikombe navyo vipo. Sunderland, iliyoanzishwa mwaka 1879 na mwalimu wa shule kutoka Scotland aitwaye James Allan, imetwaa ubingwa wa Uingereza mara sita, wa mwisho ukiwa wa msimu ulioishia mwaka 1936, mwaka uleule ambao klabu yetu ya Msimbazi ilizaliwa. Sitaki kujenga hoja juu ya sadfa, lakini mwana Simba atakayesikia hayo akiwa amesimama Wearside, yaani eneo hili la mto Wear, atanielewa. Sadfa ya pili ni ya mwaka 1973, ambao Simba ilitwaa ubingwa wa Tanzania kwa mara ya kwanza ikiwa na jina jipya, na Sunderland ikatwaa Kombe la FA.

Mzee hutumia muda mrefu kwenye fainali hiyo, na ana haki. Tarehe 5 Mei 1973 Sunderland ilikuwa timu ya daraja la pili, na Leeds United ilikuwa mtetezi wa kombe na moja ya timu zilizoogopwa zaidi barani Ulaya. Ian Porterfield alifunga bao pekee katika kipindi cha kwanza, na katika kipindi cha pili kipa Jim Montgomery akaokoa kichwa cha Trevor Cherry na papo hapo akaunyanyua mkwaju wa Peter Lorimer ukagonga mwamba. Filimbi ya mwisho ilipolia, kocha Bob Stokoe alikimbia uwanjani akiwa na kofia na koti la mvua juu ya suruali ya mazoezi, akampita kila mtu hadi akamfikia kipa wake. Sanamu la Stokoe akiwa katika mbio hizo limesimama nje ya uwanja, na mzee hukuonyesha namna ya kulitazama kwa ubavu ili uone kwamba mchongaji ameukamata mwendo na si uso tu.

Hapo ndipo nilipoongeza jambo moja ambalo yeye alilijua juu juu. Porterfield huyohuyo alikuja baadaye kuifundisha Zambia, jirani zetu, baada ya ajali ya ndege ya mwezi Aprili 1993 nje ya Libreville iliyoua kikosi karibu chote cha taifa, na aliifikisha timu mpya fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1994, ikapoteza kwa Nigeria mabao 2-1. Mtu wa Tunduma au Mbeya aliyekuwa akifuatilia mpira wakati huo anamkumbuka Porterfield kwa timu ile kabla ya kulikumbuka bao lake la fainali ile ya Wembley. Mzee alitoa daftari dogo mfukoni akayaandika yote, akaniuliza tahajia ya Libreville.

Kuhusu uhusiano wa jina kati ya miji yetu miwili, nilikuta anafahamu kwamba iliwahi kuwepo Sunderland nyingine Afrika, ila hakujua ilikuwa nchi gani. Nilimweleza habari za Queens na Eagles, za Kariakoo, na za watani wetu wa Jangwani, Yanga, ambao nao ni jirani zetu wa mtaa, tofauti na watani wake wa Newcastle ambao wako kilomita kadhaa upande wa pili wa mashamba. Nilimweleza pia kwamba uhusiano haukuishia kwenye jina: mwaka 2015 Rais Jakaya Kikwete alifungua kituo cha michezo cha vijana pale Kidongo Chekundu, jijini Dar es Salaam, chenye jina lake, kilichotokana na ushirikiano wa kampuni ya umeme ya Symbion na klabu ya Sunderland. Alichotaka kujua kwanza ni kama tulivaa milia. Nilimjibu kwamba sisi ni wekundu na weupe lakini milia si jadi yetu, na nadhani hilo lilimsikitisha kidogo.

Kutoka uwanjani, matembezi huelekea mashariki hadi kanisa la Mtakatifu Petro, lililoanzishwa mwaka 674 na Benedict Biscop, aliyeleta mafundi wa vioo kutoka Gaul (Ufaransa ya leo) kwa ajili ya madirisha yake. Sehemu hii ni fupi na haihusu mpira, lakini siilaumu, kwa sababu baada ya kusikia juu ya kiwanda kilichopotea ni vizuri kuona jengo ambalo sehemu yake imebaki tangu karne ile. Baada ya hapo mnapanda kwenye mitaa ya nyumba za kawaida hadi mahali palipokuwa Roker Park, uwanja wa klabu tangu mwaka 1898 hadi 1997. Uwanja huo uliwahi kubeba watazamaji 75,118 kwa mechi moja, mwaka 1933, na ulipokea mechi za Kombe la Dunia la mwaka 1966, ikiwemo robo fainali ambayo Umoja wa Kisovieti uliifunga Hungary. Hakuna jukwaa lililobaki. Pamejengwa nyumba, na barabara zake zimepewa majina ya mpira, kama vile Promotion Close, Midfield Drive na Turnstile Mews. Niliona watoto wakipiga chenga kati ya magari yaliyoegeshwa, na mzee akakadiria kwa hatua mahali ambapo goli la upande wa Roker End lilikuwa. Nilikwenda nikitarajia kukuta eneo la huzuni, lakini ni mtaa tu wenye mapazia na mapipa ya taka, na mzee hajaribu kuupamba.

Chakula ndicho kipengele dhaifu. Bei ya matembezi inajumuisha mlo mdogo katika mgahawa mmoja wa ufukweni, na mlo wenyewe ni mkate mnene wa duara wa kaskazini-mashariki uitwao stottie, uliojazwa nyama ya nguruwe na uji mzito wa njegere kavu zilizopondwa. Kwa mgeni Mwislamu hilo halifai kabisa, na njia mbadala niliyopewa, samaki na chipsi, ilihitaji maswali zaidi, kwa sababu maduka mengi ya upande huo wa nchi hukaanga kwa mafuta ya ng'ombe badala ya mafuta ya mimea. Mgahawa ule haukuwa na jibu la wazi, chai ilikuja ikiwa vuguvugu, na mhudumu alionyesha kuchoshwa na maswali yetu. Namshauri msomaji ale kabla ya kuanza au abebe chakula chake, kisha atumie muda wa mlo kutembea kwenye gati la Roker, lililofunguliwa mwaka 1903, lenye mnara wa taa ya meli wa mawe mekundu na meupe. Upepo wa Bahari ya Kaskazini hauna huruma hata mwezi Juni, kwa hiyo koti ni lazima.

Nina malalamiko mengine mawili. La kwanza ni lafudhi. Mzee anazungumza Kiingereza cha Wearside kwa kasi, na mtu aliyejifunza Kiingereza darasani Tabora au Tanga atapoteza sentensi nyingi za mwanzo. Ukimwomba apunguze mwendo anapunguza kwa dakika chache, kisha anakolea tena, hasa anapofika kwenye habari za Newcastle, ambazo huzirudisha nyuma hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17, wakati miji hiyo miwili ilipokuwa pande zinazopingana. Ni simulizi yenye ladha, ila ni ndefu kupita kiasi, na mtu wa Msimbazi hahitaji kufundishwa utani wa jadi ni nini.

La pili ni zito zaidi. Katika nusu siku nzima hakusema neno juu ya mpira wa wanawake hadi nilipouliza, ilhali hapa pana moja ya hazina kubwa za soka la wanawake la Uingereza. Jill Scott alizaliwa Sunderland na akaichezea klabu hiyo. Lucy Bronze, Steph Houghton, Jordan Nobbs na Beth Mead wote walipita hapo. Timu ya Uingereza iliyotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2022 ilikuwa na Scott, Bronze na Mead, na Mead ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa mashindano yale. Mzee alipoulizwa alijibu vizuri na kwa heshima, jambo linaloonyesha kwamba anayajua. Basi ayaweke kwenye njia yake, na ikibidi apunguze dakika kumi za Newcastle.

Kuhusu hali ya sasa ya klabu anaongea kwa tahadhari ya mtu aliyeshuka daraja mara nyingi. Mwezi Mei 2025 Sunderland ilirejea Ligi Kuu kwa kuifunga Sheffield United mabao 2-1 katika fainali ya mchujo pale Wembley, bao la ushindi likifungwa katika dakika za nyongeza na Tom Watson, kijana aliyelelewa na akademia ya klabu na ambaye tayari alikuwa ameuzwa kwa Brighton. Tangu hapo jezi za Sunderland zimeanza kuonekana tena mbali na Wearside, na kikosi kimepata wachezaji wanaofuatiliwa na majirani zetu, akiwemo Noah Sadiki wa Kongo na Reinildo wa Msumbiji. Mzee anawapenda wote wawili, lakini ukimuuliza msimu utaishaje anakujibu kwa kukuonyesha mawingu.

Kwa anayepima thamani ya fedha yake, ningesema hivi: ikiwa una siku moja tu na unataka picha ukiwa umekaa kwenye benchi la kocha, nunua tiketi ya ziara ya uwanja na utaridhika. Ikiwa una uhusiano wowote na jina hili, kwa kadi ya uanachama au kwa mzazi aliyelitamka, chukua matembezi haya kwanza na uwanja uuache kwa mchana. Wazee wenye shida ya magoti wajue kuna mteremko na mpando kati ya mto na Roker, na mzee hatumii gari. Watoto wadogo watachoka darajani.

Kufika ni rahisi. Kutoka Newcastle treni ya Metro, ambayo njia yake ilifikishwa Sunderland mwaka 2002, huchukua takriban nusu saa na ina kituo chenye jina la uwanja pamoja na kile cha St Peter's kilicho karibu zaidi na mahali pa kuanzia. Kutoka London zipo treni za moja kwa moja kutoka King's Cross, ila si nyingi kwa siku, na nafasi hujaa mapema wikiendi za mechi. Siku za mechi mzee hafanyi kazi. Yuko uwanjani, na simu yake ameizima.